Je, mfumo wa kusimba taarifa unaweza kuwa na mlango wa nyuma?

*"Mimi ni katibu wa SACCOS ya walimu, tuna wanachama wapatao mia nne. Majina yao, namba za vitambulisho na mikopo yao viko kwenye kompyuta mpakato ya ofisi ambayo diski yake imesimbwa, na sisi viongozi tunatumiana mafaili kwa WhatsApp. Hivi karibuni kijana anayetutengenezea kompyuta alituambia kwenye kikao kwamba tunajidanganya: mifumo yote ya kusimba imewekewa mlango wa nyuma na Wamarekani, na wakitaka wanasoma kila kitu. Mjumbe mmoja akadakia, basi hakuna haja ya kuhangaika na manenosiri marefu. Mwingine ametuletea mfanyabiashara anayeuza mfumo alioutengeneza mwenyewe. Anasema kanuni yake ni siri, haijulikani popote duniani, kwa hiyo hakuna serikali yenye ufunguo wake. Bei yake ni nzito kwetu. Je, ni kweli milango hiyo ipo? Na tukinunua huu wa siri tutakuwa salama zaidi?"*

Ndugu katibu, kijana wenu hakusema uongo mtupu. Milango ya nyuma, yaani njia za siri za kusoma kilichosimbwa bila kupewa ufunguo, imewahi kuwekwa kwenye mifumo ya usimbaji, tena si mara moja, na ushahidi wake uko hadharani. Alipokosea ni kwenye neno "yote". Mjumbe aliyesema kwamba basi manenosiri hayana kazi amekosea kuliko yeye. Na kuhusu mfanyabiashara, nikuambie mapema ili usisubiri: hicho anachokitangaza kama sifa, kwamba kanuni yake haijulikani na mtu, ndicho kingenifanya mimi nimshukuru kwa muda wake na kumuaga. Nitakueleza kwa nini, taratibu, maana kwenye kikao utahitaji sababu za kuwawekea wenzako mezani.

Tuanze kwa kutenganisha vitu ambavyo watu huvichanganya. Usimbaji una kanuni, yaani mlolongo wa hesabu unaogeuza maandishi yanayosomeka kuwa vurugu isiyosomeka. Una ufunguo, ambao ni namba ndefu inayoziongoza hesabu hizo. Halafu ipo programu au mashine inayoifanya kazi yenyewe. Mlango wa nyuma unaweza kuwekwa popote kati ya hapo, lakini ugumu wa kuuficha si sawa. Watu wengi wakisikia habari hizi huwaza kanuni. Kwa kanuni zilizochapishwa na kukaguliwa hadharani, huko ndiko mlango unakopatikana kwa nadra kabisa.

Diski ya ofisi yenu, kama ni ya Windows au Mac ya miaka ya karibuni, imesimbwa kwa kanuni iitwayo AES. WhatsApp nayo inaitumia kusimba ujumbe. AES haikutoka kwenye chumba cha majasusi. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza shindano la wazi. Kanuni 15 zikaingia, na wataalamu wa nchi mbalimbali wakatumia miaka kuzishambulia mbele ya watu, kila mmoja akitamani sifa ya kuiangusha kazi ya mwenzake. Mwaka 2000 ikachaguliwa kanuni ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambao walieleza kila jedwali la namba lililomo ndani limetoka wapi na kwa nini. Tangu hapo haijaachwa kushambuliwa. Shambulio bora dhidi ya AES ya biti 128 (biti ni tarakimu moja ya ufunguo, sifuri au moja), lililochapishwa mwaka 2011, linapunguza kazi ya kubahatisha ufunguo kwa karibu mara nne tu. Funguo zinazowezekana ni kama 340 ikifuatiwa na sifuri 36. Namba hiyo ukiigawa kwa nne, bado hakuna kompyuta itakayoimaliza.

Je, huo ni uthibitisho kwamba AES haina udhaifu wowote? Hapana, na anayekuambia upo uthibitisho wa kihesabu wa namna hiyo anakupotosha. Kilichopo ni miaka zaidi ya ishirini ya watu wenye akili nyingi kujaribu na kushindwa, na pia jambo jingine ambalo nalipa uzito: mwaka 2003 serikali ya Marekani iliiruhusu kanuni hiyohiyo kulinda taarifa zake za siri. Shirika linalopanda udhaifu kwenye kitu linachokitumia lenyewe linajiweka mikononi mwa yeyote atakayeugundua.

Shaka ya kijana wenu ina historia, na historia yenyewe inafundisha kutazama mahali pasipotazamwa. Miaka ya 1970 kampuni ya IBM ilitengeneza kanuni iliyokuja kuitwa DES. Shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, liliingia kati. Majedwali yaliyomo ndani yakabadilika bila maelezo, na ufunguo ukabaki wa biti 56 tu. Kwa miaka mingi watu walisema mlango umefichwa kwenye majedwali yale. Kisha Eli Biham na Adi Shamir wa Israeli wakachapisha mbinu mpya ya kuvunja kanuni za aina hiyo, na ikaonekana kwamba majedwali ya DES yalikuwa yamepangwa hasa kuizuia. Mwaka 1994 Don Coppersmith wa IBM akaeleza kwamba wao waliijua mbinu hiyo tangu 1974. Kumbe pale palipotiliwa shaka ndipo palipoimarishwa. Udhaifu ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu: ufunguo mfupi. Mwaka 1998 EFF, taasisi ya Marekani inayotetea haki za watu mtandaoni, ilijenga mashine kwa gharama isiyofika dola 250,000, ikaupata ufunguo wa DES kwa saa 56.

Sasa tuje mahali ambapo mimi mwenyewe ningeuficha mlango kama hiyo ingekuwa kazi yangu: kwenye kinu cha namba nasibu, yaani sehemu ya programu inayozalisha funguo.

Ufunguo una nguvu pale tu ambapo hakuna anayeweza kuubashiri. Tuseme programu inadai ina ufunguo wa biti 256, lakini mtengenezaji wake alitumia saa ya kompyuta kama chanzo cha bahati. Siku nzima ina sekunde 86,400. Nikijua faili lako lilisimbwa siku fulani, sina haja ya kujaribu funguo zote za dunia. Najaribu 86,400, na kompyuta yoyote ya dukani inamaliza kabla chai haijapoa. Haya si ya kufikirika. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, waligundua kwamba kivinjari cha Netscape kilitengeneza funguo zake kwa kutegemea saa na namba chache zinazobashirika. Na mwaka 2008 ikabainika kwamba marekebisho madogo yaliyofanywa miaka miwili kabla kwenye Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta, yalikuwa yamepunguza funguo zinazowezekana, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, hadi 32,768. Kisa cha Debian kilikuwa kosa la mtu mwaminifu, na hapo ndipo ugumu ulipo: mlango uliowekwa makusudi na kosa la bahati mbaya vinaweza kufanana kabisa.

Mfano uliokamilika kuliko yote unaitwa Dual EC. Mwaka 2006 NIST ilichapisha kiwango chenye vinu vinne vya namba nasibu, na hiki kikawa kimojawapo. Kilikuwa kizito na cha polepole kuliko wenzake, hata wataalamu wakajiuliza kimewekwa cha nini. Hesabu zake zilitegemea nukta mbili kwenye mkunjo maalumu, P na Q, ambazo kiwango kilizitoa zikiwa tayari bila kusema zilipatikanaje.

Tukiangalie kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo utakapoona jinsi mlango unavyoweza kukaa hadharani na usionekane. Kinu kinatunza ndani yake namba ya siri. Kila mzunguko, namba hiyo inazidishwa na Q, na matokeo yake yanatolewa nje kama namba nasibu. Namba hiyohiyo inazidishwa pia na P, na matokeo yake yanabaki ndani kuwa siri ya mzunguko unaofuata. Ukiziona zile za nje tu, huwezi kurudi nyuma ukaijua ya ndani; hesabu hiyo ni ngumu mno. Lakini tuseme aliyezichagua nukta hizo mbili alizitengeneza akijua uhusiano wao, yaani anayo namba moja ambayo ukiizidisha na Q unapata P. Yeye anachukua kilichotoka nje, anakizidisha na namba yake, na anapata palepale siri ya mzunguko ujao. Kuanzia hapo anajua kila namba itakayofuata, na kila ufunguo utakaotokana nazo. Kinu hukata biti 16 kabla ya kutoa matokeo, lakini hizo anaweza kuzijaribu zote, majaribio 65,536, kazi ndogo sana. Ni kama mtu anayechanganya karata alizoziwekea alama mgongoni: mezani wote wanaona mchezo wa haki, ila yeye anaijua karata inayokuja.

Agosti 2007 Dan Shumow na Niels Ferguson, waliokuwa Microsoft, waliyaeleza haya kwenye mkutano wa wataalamu huko California. Hawakumtuhumu mtu. Walionyesha tu kwamba aliyechagua nukta hizo angeweza kuwa na namba hiyo, na hakuna mwingine ambaye angejua. Pamoja na hayo kinu kikaendelea kutumika. Septemba 2013, kutokana na nyaraka za Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi NSA kupitia mkandarasi kisha akazivujisha siri zake, magazeti yaliripoti kwamba NSA ilikuwa na mpango wa kudhoofisha viwango vya usimbaji, na Dual EC ikatajwa. Desemba mwaka huohuo shirika la habari la Reuters likaripoti kwamba kampuni ya RSA ililipwa dola milioni 10 katika mkataba ulioifanya Dual EC kuwa chaguo la kwanza kwenye programu yake moja. RSA ilikana kwamba iliingia mkataba wowote ikijua inadhoofisha bidhaa zake. Mwaka 2014 NIST ikatangaza kukiondoa kinu hicho kwenye kiwango.

Lakini sehemu ambayo ningependa wajumbe wako waikumbuke ilikuja baadaye. Kampuni ya Juniper ilikuwa inauza vifaa vya kulinda mitandao ya makampuni na serikali, na ndani yake ilitumia Dual EC kwa nukta Q ya kwake. Desemba 2015 ilitangaza kwamba imekuta kwenye programu yake mistari ambayo haikuiidhinisha. Watafiti walipoichambua waliona kwamba mwaka 2012 kuna mtu aliingia akaibadilisha ile Q akaweka yake. Alibadilisha namba moja tu, na mlango uliokuwapo ukawa wa kwake. Kulikuwa na mlango wa pili pia, huu wa kawaida kabisa: nenosiri moja linalofungua kila kifaa, lililoandikwa hivi: <<< %s(un='%s') = %u. Ukilipitia haraka katikati ya maelfu ya mistari ya programu, unaona mstari wa kawaida wa kutafuta makosa. Ndivyo lilivyokusudiwa lionekane.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mlango wa Wamarekani", mwambie kwamba mlango hauchagui mtu wa kuingia. Ugiriki, kati ya 2004 na 2005, watu wasiojulikana waliugeuza mfumo halali wa kusikiliza simu uliokuwa kwenye mitambo ya kampuni moja ya simu, wakasikiliza simu zaidi ya mia moja, ya Waziri Mkuu ikiwemo. Na mwaka 2024 Marekani yenyewe ilisema wadukuzi wa China wameingia kwenye makampuni yake ya simu na kufikia mifumo inayotumika kusikiliza simu kwa amri ya mahakama. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa fani hii, nami nikiwemo, tunapinga serikali yoyote inapoomba iwekewe mlango "wa kwake tu".

Tumrudie mfanyabiashara wenu.

Katika jimbo la Zug, Uswisi, kulikuwa na kampuni iitwayo Crypto AG. Iliuza mashine za kusimba kwa serikali zaidi ya 120. Uswisi haina upande, mashine nzuri, wauzaji waungwana. Mwaka 1970 kampuni hiyo ilinunuliwa kwa siri na CIA pamoja na shirika la ujasusi la Ujerumani Magharibi, BND. Mashine zikatengenezwa kwa namna ambayo mteja aliona vurugu isiyosomeka, lakini wenye kampuni waliweza kuifumbua. Wajerumani walijitoa 1993, CIA wakaendelea hadi 2018, na habari kamili ikatoka Februari 2020 kupitia Washington Post, televisheni ya ZDF ya Ujerumani na SRF ya Uswisi. Wanunuzi walikuwa na majeshi, wahandisi na bajeti za taifa, na bado wengi hawakutambua. Walikuwa wamenunua kanuni wasiyoweza kuikagua kutoka kwa mtu waliyemwamini.

Ndani ya kisa hicho kuna mtu mmoja anayenisikitisha kila nikimfikiria. Hans Bühler alikuwa muuzaji wa kampuni hiyo. Mwaka 1992 alikamatwa Tehran, akashikiliwa miezi tisa na kuhojiwa kuhusu siri za mashine alizokuwa akiziuza. Hakuwa na jibu. Hakujua chochote. Namtaja ili ujue kwamba simtuhumu mfanyabiashara wenu kuwa tapeli. Anaweza kuwa mkweli kabisa na mfumo wake ukawa mbovu, kwa sababu uaminifu wa muuzaji hauwezi kukuonyesha kilichomo ndani ya kitu ambacho mtu mwingine yeyote hajakipima.

Mfano wa karibuni zaidi ni redio za TETRA, zinazotumiwa na polisi na vikosi vya dharura katika nchi nyingi. Kanuni zake zilifichwa tangu miaka ya 1990. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi wa kampuni ya Midnight Blue walizitoa ndani ya redio wakazichapisha. Mojawapo, TEA1, ilikuwa na ufunguo unaotangazwa kuwa wa biti 80, lakini ndani kulikuwa na hatua inayoupunguza hadi biti 32. Kompyuta ya kawaida inazijaribu funguo zote za biti 32 kwa muda mfupi. Udhaifu wa aina hiyo katika kanuni iliyochapishwa ungeonekana na mwanafunzi wa chuo. Katika kanuni ya siri ulikaa zaidi ya miaka ishirini. Zamani sana, mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri ni ule usioleta madhara hata ukianguka mikononi mwa adui. Siri iwe ni ufunguo. Kanuni acha ijulikane.

Kwa mfumo wa bei ya SACCOS, hata hivyo, mimi siwazi majasusi. Nawaza uzembe. Mifumo ya "kanuni yetu wenyewe" niliyowahi kuifungua na kuitazama kwa kawaida huwa moja ya mambo mawili: ama ni hesabu dhaifu ambayo mtaalamu huivunja kwa mchana mmoja, ama ni kanuni inayojulikana iliyobandikwa jina jipya, na ufunguo wake umeandikwa ndani ya programu, uleule kwa wateja wote. Mteja mmoja akiujua, wote wamekwisha.

Usinielewe vibaya, ndugu katibu. Uwazi nao si kinga kamili. Machi 2024 ilibainika kwamba programu huria (ambayo yeyote anaweza kuisoma ndani) ya kubana mafaili, XZ, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imepandikizwa mlango wa nyuma na mtu aliyejiita Jia Tan. Alikuwa amefanya kazi nzuri kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa. Aliyemgundua ni mhandisi Andres Freund, ambaye aliona kuingia kwenye seva kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, akaamua kufuatilia. Nusu sekunde! Lakini aliweza kufuatilia kwa sababu programu ilikuwa wazi kwake, na mlango ukafungwa kabla ya kusambaa kwenye seva nyingi. Hiyo ndiyo faida unayoipata kwenye uwazi: si kwamba hakuna atakayejaribu, ila yupo anayeweza kumkamata.

Na WhatsApp je? Tangu 2016 inasimba mazungumzo kwa itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano, ileile ya programu ya Signal, ambayo imechapishwa na kuchunguzwa sana. Programu yenyewe si huria, kwa hiyo kuna kiasi cha kuiamini kampuni, ingawa watafiti huichambua ile iliyopo kwenye simu. Mahali ambapo mafaili yenu yanaweza kuvuja ni kwingine. Nakala ya akiba ya mazungumzo inayopelekwa Google au iCloud haisimbwi mwisho hadi mwisho, yaani kwa namna ambayo hata wanaoihifadhi hawawezi kuisoma, mpaka wewe uiwashe sehemu hiyo kwenye mipangilio. Imekuwapo tangu 2021 na watu wengi hawajaigusa. Kompyuta ya ofisi iliyounganishwa na WhatsApp ya mwenyekiti aliyemaliza muda wake ni hatari. Mtu akifanikiwa kuirudisha laini ya simu ya mhasibu kwenye kadi yake yeye, naye ni hatari, isipokuwa kama uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada ya WhatsApp, umewashwa. Na simu yenyewe ikiingiliwa, usimbaji hausaidii: mwaka 2019 programu ya kijasusi ya Pegasus ilipelekwa kwenye simu zipatazo 1,400 kwa kuzipigia kupitia WhatsApp. Walioifanya kazi hiyo hawakuivunja kanuni. Waliingia kwenye simu, wakasoma anachosoma mwenye simu.

Diski ya kompyuta ina jambo moja la kuangalia leo hii. Kama ni BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, ufunguo wa akiba unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika wakati kompyuta inawashwa mara ya kwanza. Mara nyingi akaunti hiyo ni ya fundi. Huo si mlango uliofichwa, upo kwenye maelezo yao wenyewe, lakini mwenye akaunti hiyo ana ufunguo wa diski yenu, na Microsoft inaweza kuutoa ikipewa amri ya kisheria. Ingia uangalie ni ya nani. Uhamishie ufunguo kwenye karatasi iliyofungiwa kwenye kabati la chama, kisha uufute huko ulikokuwa. Kama mnataka kujitegemea zaidi, VeraCrypt, programu nyingine ya kusimba diski, ni ya bure na imewahi kukaguliwa na wataalamu wa nje. Wakaguzi walikuta makosa, yakarekebishwa, na ripoti ikachapishwa ili kila mtu aisome. Mtangulizi wake, TrueCrypt, ulikaguliwa hadi 2015 na haukukutwa na mlango wa makusudi. Onyo moja: kwa VeraCrypt hakuna wa kumpigia simu mkisahau nenosiri. Chama ambacho viongozi wake hubadilika kinapaswa kulifikiria hilo kwa uzito, na kwa baadhi ya vyama BitLocker yenye ufunguo wa karatasi ni chaguo bora zaidi.

Ukiniuliza mimi ningeamuaje katika viatu vyenu: ningebaki na vifaa vya kawaida, ningewasha nakala ya akiba iliyosimbwa, na zile pesa za mfumo wa siri ningezitumia kununua diski ya pili ya kuhifadhi nakala na kuwafundisha watu watatu namna ya kuitumia. Wanaoweza kuwadhuru wanachama wenu mwaka huu ni mwizi wa kompyuta, mtumishi aliyeondoka kwa hasira, na mtu wa kurudisha laini za watu. Wote hao wanazuiwa na nenosiri refu, AES na uthibitishaji wa hatua mbili, hata kama shirika fulani la mbali lingekuwa na uwezo tusioujua. Mjumbe aliyependekeza kuacha manenosiri mkumbushe kwamba mikopo ya walimu mia nne haitafutwi na NSA, ila majirani wa walimu hao wangependa sana kuiona.

Kama kikao bado kinataka kumsikiliza mfanyabiashara, muulizeni anatumia kanuni gani kwa jina lake. Muulizeni ufunguo unazalishwa wapi, kwenye kompyuta yenu au ofisini kwake, na kama yeye hubaki na nakala. Muulizeni ni nani wa nje aliyeukagua mfumo na ripoti iko wapi. Muulizeni pia mkiacha kumlipa, mafaili yenu mtayafunguaje. Akijibu "hiyo ni siri ya kampuni" kwa swali la kwanza au la pili, kikao kimeisha.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuyatatua. Kama tayari mlimpa mfanyabiashara huyo orodha ya wanachama "ajaribishe", au kompyuta imeanza kufanya mambo msiyoyaelewa, izimeni, msiifute, na mtafute mtaalamu wa usalama wa mifumo aje aione kwa macho. Chuo kikuu chenye idara ya kompyuta kilicho karibu nanyi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama taarifa za wanachama zimekwisha vuja, kwa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na kwa Kenya kuna sheria ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Pateni mwanasheria kabla ya kuandika barua yoyote. Na kama mmoja wa wanachama wenu ni shahidi kwenye kesi nzito, au kuna mtu mwenye uwezo mkubwa anayemwandama yeye binafsi, ushauri huu wa chama haumtoshi. Huyo aonane na mtaalamu ana kwa ana, na asiende na simu anayoishuku.